Andika la kwako kwanza, ndipo uiulize simu

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kando ya ziwa, mkoani Kigoma. Kila siku napokea watu wenye lalamiko moja: moyo unaenda mbio, usingizi hakuna, kichwa kizito, tumbo linawaka. Malaria hakuna, presha iko sawa. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi amenionyesha programu ya akili mnemba kwenye simu. Unaiandikia dalili, inakupa jina la ugonjwa na dawa. Juzi niliiandikia habari za mama wa miaka 34, muuza dagaa. Ikasema ana ugonjwa wa wasiwasi, ikapendekeza diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Nikaogopa. Nikampa parasetamoli na kumwambia arudi Alhamisi. Je, niifuate programu hii? Na kama nisiifuate, inaweza kunisaidia nini? Hapa mtaalamu wa afya ya akili hatuna.

Jibu

Marahaba, dada yangu. Nikupongeze kwanza kwa hofu yako. Hofu iliyokuzuia kuandika diazepamu ni sehemu ya utabibu, na yule mama alikuwa na bahati kukukuta wewe siku ile.

Najua unasoma haya kati ya mgonjwa na mgonjwa, kwa hiyo nitangulize jibu fupi. Diazepamu usimpe. Programu usiitupe. Ila geuza mpangilio wa kazi: sikiliza, pima, andika kwenye daftari unachodhani wewe, kisha ndipo uiulize simu. Ukianza na simu, jibu lake litakaa kichwani, na kila atakachosema mgonjwa baada ya hapo utakisikia kupitia jibu hilo. Nimeliona hili hata kwa madaktari bingwa. Mtu amechoka, ni saa nane mchana, benchi bado limejaa, anapewa jibu lililopangwa vizuri na lisilo na wasiwasi hata kidogo; atalipokea. Sisi tumelelewa kuamini kwamba asiyesitasita ndiye ajuaye, na programu hizi hazisitasiti hata zinapokosea.

Malalamiko kama ya huyu mama tumezoea kuyaita "msongo", na neno hilo tunalitumia kana kwamba ni ugonjwa mmoja kama malaria. Sivyo. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyekuwa Montreal nchini Kanada, aliandika kuhusu panya aliowaweka kwenye mateso ya kila aina: baridi, majeraha, sumu, kuchoshwa kupita kiasi. Mateso yalikuwa tofauti, lakini miili ilijibu kwa namna moja. Tezi zilizo juu ya figo zilivimba na tumbo likatoka vidonda. Kwa binadamu njia ni hiyo hiyo. Ubongo huamuru tezi zile zimwage adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari hupanda kwenye damu, usingizi hukimbia, tumbo huvurugika. Sasa mkalishe mbele yako aliyefiwa, aliyekimbia vita, anayedaiwa na anayepigwa na mumewe. Wote wanne watasema, "Tabibu, moyo unaenda mbio, silali." Kwa dalili peke yake huwezi kuwatofautisha, na simu haiwezi pia.

Ndiyo maana orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, imeyatengea matatizo ya msongo fungu lake, na sharti la kuingia humo ni kujua kilichotokea. Kiwewe cha baada ya janga, majonzi yasiyokoma, kushindwa kuyazoea mabadiliko makubwa ya maisha: kila jina hapo linaanza na tukio. Hali ya mshtuko ya siku chache baada ya balaa imeondolewa kabisa kwenye maradhi. Inahesabiwa kuwa binadamu anavyojibu balaa.

Rudi sasa kwenye ulichoiandikia programu. Umri, jinsia, moyo, usingizi, kichwa, tumbo, malaria hakuna, presha sawa. Tukio halimo. Pengine hata wewe hukumuuliza, foleni haikukupa nafasi, nami sikulaumu. Lakini programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukisia neno gani hufuata neno gani. Katika maandishi hayo, mengi yakiwa ya Kiingereza, moyo kwenda mbio pamoja na kukosa usingizi hufuatwa mara nyingi na wasiwasi, na wasiwasi hufuatwa na dawa. Uliacha pengo, ikalijaza kwa kilicho kawaida kwa watu wengine, mahali pengine.

Wewe unayajua mambo ambayo hayamo ndani yake. Mwaka 2024 upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwa ziwa ni jambo jema, silipingi. Ila mtu anayekula leo kwa dagaa alizouza jana huvukaje miezi mitatu? Wengi huvuka kwa mkopo wa riba kali, ule wa kausha damu, na deni la namna hiyo haliishi ziwa linapofunguliwa. Mdai anakuja hadi mlangoni, anataja godoro, anataja sufuria, watoto wanasikia. Sisemi huyu mama anadaiwa, sijamwona. Nasema hilo ndilo swali ambalo mimi ningeanza nalo. La pili ningemuuliza kama nyumbani kuna amani. La tatu, nani wake yuko majini usiku? Mwenye mume au mtoto mvuvi halali upepo ukivuma, na huko si kuugua.

Na huo usingizi wenyewe uuangalie kwa jicho la mwaloni. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, vyombo hupumzika. Muuzaji anapaswa kuwa pale Kibirizi, au kwenye mwalo wenu, alfajiri kabla mzigo haujaisha. Ukimuuliza analala saa ngapi kwa usiku atakujibu tatu, nne, na programu itaandika "kukosa usingizi". Muulize hivi: "Siku za mbalamwezi, ambazo kazi hakuna, unalala?" Akisema analala vizuri, huyo ana kazi ya usiku. Akisema hata siku hizo anakodolea dari macho mpaka jogoo la kwanza, hapo una jambo la kufuatilia. Swali hilo moja, dada yangu, lina thamani kubwa kuliko ukurasa mzima wa majibu ya simu, na umelipata bure kwa kuishi ulipo.

Lugha ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mgonjwa wetu hasemi "nina msongo". Anasema "nina mawazo". Nimeijaribu sentensi hiyo kwenye programu za kutafsiri, ikarudi kwa maana ya mtu mwenye fikra mpya anazotaka kuchangia. Anasema "kichwa kimejaa", "roho inaniuma", "presha inapanda", ilhali presha ni 110 kwa 70. Kuna hili la hatari zaidi: "Nataka kupumzika tu." Kwetu aliyekufa tunasema amepumzika. Muuguzi wa Ujiji akimsikia mama aliyezika watoto wawili akisema, "Nimechoka, nataka kupumzika," anaweka kalamu chini na kumsogelea. Programu inaweza kumshauri apunguze kahawa na alale mapema. Hapo bado hujaongeza Kiha, ambacho wazee wengi hukimbilia wanapoumia kweli. Na kama unapokea watu wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyopo tangu 1996, kuna Kiswahili cha Kongo, ambacho hata mimi mwenyewe inabidi nikiulize mara mbili. Unapoiandikia simu, unakuwa umeshatafsiri maneno ya mgonjwa kwa lugha ya kitabibu. Yaliyo muhimu hupotea katika tafsiri hiyo ya kwanza, kabla mashine haijaguswa. Kwa hiyo kwenye daftari andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya Kiha.

Baada ya kusema hayo yote, kuna kazi ambazo programu inazifanya vizuri, na katika kituo kama chako ni kazi kubwa.

Ya kwanza ni kukukumbusha ulichosahau kwenye mwili. Malaria hakuna na presha sawa havitoshi kusema "ni msongo". Mwanamke wa miaka 34 mwenye moyo unaoenda mbio anaweza kuwa na upungufu wa damu kwa sababu ya hedhi nzito au minyoo. Anaweza kuwa na ujauzito wa wiki sita ambao hajaujua. Tezi ya shingo inaweza kuwa inafanya kazi kupita kiasi. Mtazame shingo, mnyooshe vidole uone kama vinatetemeka, muulize kama anapungua huku anakula. Anaweza kuwa anakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili akeshe, au ameacha gongo ghafla. Kama yuko kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mojawapo, dolutegraviri, inaweza kumnyima usingizi, na wakati mwingine kuhamisha muda wa kumeza kutoka usiku kwenda asubuhi kunasaidia. Hakuna anayekumbuka yote haya akiwa amechoka. Simu haichoki. Lakini iulize kwa namna ya kukupinga. Programu hizi zina tabia ya kukubaliana na muulizaji. Ukiiambia "nadhani ni msongo", itakupigia makofi. Basi usiiambie unachodhani. Andika hivi: "Mwanamke wa miaka 34, moyo kwenda mbio kwa wiki sita, usingizi wa shida, presha ya kawaida, malaria hakuna. Nitajie sababu za kimwili zinazoweza kuleta hali hii, na kwa kila moja niambie swali la kuuliza au kipimo kilichopo kituo cha afya. Usinitajie dawa." Kisha linganisha na daftari lako. Kilicho kwenye simu na hakimo kwenye daftari, kifuate kwa mikono na vipimo. Inaweza pia kubuni. Ikikutajia dozi au kipimo usichokijua, fungua mwongozo wa matibabu wa Wizara kabla hujakiamini.

Ya pili ni kuhesabu. Kuna dodoso liitwalo PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27. Linapima sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na limetumika na kufanyiwa utafiti kwa Kiswahili hapa Tanzania. Programu inaweza kukusomea maswali, kujumlisha, kuweka kumbukumbu na kukuonyesha kama mgonjwa anapanda au anashuka mwezi hadi mwezi. Hiyo ni faida ya kweli, kwa sababu sisi kwenye makaratasi yetu hatulinganishi. Tunaanza upya kila mara.

Lakini uielewe hesabu yake, maana hapa ndipo wengi huteleza. Katika utafiti wa mwanzo uliochapishwa mwaka 2001, ukitumia alama 10 kama mpaka, dodoso liliwanasa 88 kati ya kila watu 100 wenye sonona kali, na likawaacha huru 88 kati ya kila 100 wasio nayo. Unasikia 88 unafurahi. Sasa chukua watu 100 waliokaa kwenye benchi lako, na tuseme 10 kati yao wana sonona kweli. Dodoso litawanasa 9. Kwa wale 90 wasio nayo, litawanyooshea kidole kimakosa watu 11 hivi. Una watu 20 wenye alama nyekundu, na chini ya nusu ndio wagonjwa. Kila mmoja kati ya hao 11 ukimpa amitriptilini, dawa ya sonona, umempa dawa inayokausha mdomo, inayolevya, na inayoua akiinywa nyingi kwa wakati mmoja, bila sababu. Alama ya juu inakuambia "kaa na huyu, zungumza naye". Haikuambii zaidi ya hapo. Programu yoyote ya kupima msongo, hata ingepambwa namna gani, haiponi kwenye hesabu hii: palipo na wagonjwa wachache kati ya wengi, alama nyekundu nyingi ni za uongo.

Utasikia pia habari za saa za mkononi na programu zinazosikiliza sauti, zinazodai kupima msongo. Saa hupima muda kati ya pigo moja la moyo na linalofuata. Kwa mtu aliyetulia, muda huo hubadilikabadilika; kwa aliyebanwa, mabadiliko hayo hupungua. Sayansi yenyewe ni ya kweli. Ila data iliyotumiwa na watafiti wengi kuzifunza mashine hizi, iliyotolewa mwaka 2018, ni ya watu 15, waliowekwa maabara wakatakiwa kuhutubia na kuhesabu kurudi nyuma mbele ya wasikilizaji. Majibu yalikuwa sahihi zaidi ya mara 90 kati ya 100, nayo yakasifiwa sana. Mtu anayepandisha ndoo za dagaa ufukweni saa kumi na moja alfajiri hakuwemo. Na vifaa vinavyotumia mwanga kwenye ngozi vinahitaji kupimwa kwenye ngozi zetu: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kilishindwa kuwatambua wagonjwa weusi waliopungukiwa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko weupe. Kwa kituo chako, hela ya saa hizo nunulieni kipimo cha wingi wa damu.

Kwenye matibabu nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko programu yako ilikokosea vibaya zaidi.

Miaka ya nyuma, nikiwa Tabora, nilimpokea mama wa makamo aliyekuja na kichupa tupu cha diazepamu. Alikuwa akiimeza kila usiku kwa miaka minne. Ilianza wiki ya msiba wa mwanawe. Mtu mmoja katika kituo fulani alimhurumia akamwandikia ili alale. Hakuna aliyemwambia aache. Nilipomuuliza kuhusu mtoto, alilia kama aliyezika jana. Ilituchukua miezi kadhaa kumshusha dozi polepole, na muda wote huo ndipo alipokuwa anaomboleza kwa mara ya kwanza. Sijamsahau. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 kuhusu msongo inasema wazi kwamba dawa za kundi hilo zisitolewe kwa watu wazima kwa dalili za mshtuko, hata kwa kukosa usingizi, ndani ya mwezi wa kwanza baada ya janga. Inasema pia zisitolewe kwa majonzi ya kufiwa pasipo ugonjwa mwingine wa akili. Zinamlaza mtu leo na kumfunga kesho.

Kinachosaidia ni mazungumzo yenye utaratibu, na ushahidi wake hautoki mbali. Zimbabwe, chini ya daktari Dixon Chibanda, wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao wakiwa bibi, walifundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kushughulikia tatizo moja kwa wakati. Kwa Kishona ugonjwa wanauita *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Unaona jinsi ulivyo ndugu wa "nina mawazo" yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 kati ya 100 kwa waliokaa kwenye benchi, na 50 kati ya 100 kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Aliyesikiliza pale hakuwa mashine. Kulikuwa na bibi, benchi na daftari.

Hatua zake unaweza kuzifuata wewe. Mgonjwa anataja matatizo yote yanayomkaba. Anachagua moja, analoliweza. Mnatafuta njia zote za kulikabili, hata zinazoonekana hafifu. Anachagua njia moja na kusema siku na saa atakayoianza. Anarudi wiki inayofuata mnaangalia ilikwendaje. Kwa mwenye deni, hatua ya kwanza yaweza kuwa kwenda kwa mdai na mtu mzima anayeheshimika kuomba kiwango cha wiki kipunguzwe, badala ya kukopa pengine kulipia huku. Kwa anayepigwa, kuna afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na dawati la jinsia polisi. Hayo yanataka uangalifu, nenda kwa mwendo wake, si wako. Mfundishe na kupumua: anavuta pumzi taratibu kwa tumbo, anaitoa taratibu zaidi, pumzi kama sita kwa dakika, dakika tano asubuhi na jioni.

Mashine nazo zimeanza kujaribiwa kwenye mazungumzo yenyewe. Mwaka 2025 watafiti wa Dartmouth, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima 210. Wenye sonona waliozungumza na programu yao kwa wiki kadhaa, dalili za sonona zilipungua kwa wastani wa 51 kwa 100. Ni habari njema na sitaki kuibeza. Lakini ililinganishwa na kusubiri tu, si na tabibu wala bibi wa benchi. Na kulikuwa na wataalamu waliokuwa wakiufuatilia mfumo, tayari kuingilia kati. Ya kwenye simu ya kijana wenu haina mtu nyuma yake.

Hapo kati, mimi ningeitumia programu hivi: ikuandikie maelezo mepesi ya namna ya kupumua, wewe uyasahihishe yafanane na Kiswahili cha kwenu, ikukumbushe nani anarudi lini. Na jioni, ukiwa umetulia, iambie ijifanye mgonjwa mgumu asiyetaka kusema, ujizoeze kuuliza. Hilo la mwisho nimelijaribu na wanafunzi wangu. Wanakosea kwenye mashine, wanamfikia mgonjwa wakiwa wepesi zaidi.

Sasa siri. Usiandike humo jina, kijiji, namba ya simu wala namba ya jalada. "Muuza dagaa wa miaka 34" kwenye kijiji kidogo tayari anatambulika; andika "mfanyabiashara, miaka thelathini na kitu". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na ukizichapa kwenye programu ya bure huna habari zinahifadhiwa nchi gani. Lipo zito zaidi. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kama mtu amefikiria ni afadhali afe au ajidhuru. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mgonjwa anajua hilo, au amelisikia. Akiona unachapa kwenye simu huku ukimuuliza swali la namna hiyo, atasema hapana, na hapana hiyo inaweza kumgharimu maisha. Swali la tisa liulize kwa mdomo, simu ikiwa mfukoni, ukimtazama. Muulize wazi, kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, hasa akiwa na mpango, asiachwe peke yake, sumu za shambani na dawa zitolewe nyumbani, na uandae rufaa ya kwenda hospitali ya Maweni siku hiyo hiyo. Hapo hakuna cha kuiuliza simu.

Basi Alhamisi. Mwambie aje mapema kabla foleni haijajaa, au mwishoni kabisa, umpe dakika ishirini zisizokatizwa. Funga mlango. Anza na kazi: biashara ikoje tangu ziwa lifunguliwe? Subiri, hata akinyamaza. Muulize usingizi wa siku za mbalamwezi, hedhi ya mwisho ilikuwa lini, anatumia dawa gani, anakunywa nini ili akeshe. Shika shingo, tazama viganja na ndani ya kope. Pima wingi wa damu na ujauzito. Uliza lile la tisa. Andika kwenye daftari unachodhani, kwa maneno yako na yake. Akishatoka, kaa na simu uone kama kuna ulichoruka, na kama kipo, ndiyo sababu ya kumwita tena wiki ijayo.

HB yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikitoka, niandikie. Namba tu, bila jina.